Viungo Themanini na Nane vya Wizara ya Uwazi

Nchi ninayotaka kuisimulia haipo. Nimeitafuta kwenye ramani zote nilizonazo, yaani mbili, sikuiona. Kwa hiyo asitokee mtu wa kunipigia simu kuniuliza nilikuwa namsema nani. Ukiona inafanana na mahali unapopajua, kosa ni la macho yako. Kanawe uso, urudi tuendelee.

Katika nchi hiyo isiyokuwepo, hakuna kitu kinachoruhusiwa kufanya kazi kabla hakijazinduliwa. Bomba linaweza kutoa maji tangu Januari, lakini mpaka mgeni rasmi aje akate utepe, maji yale si maji, na anayeyanywa ni mhalifu. Choo cha soko kuu kilizinduliwa mara tatu: mlango siku yake, tundu siku yake, na kopo siku yake. Kulikuwa na daraja lililomngoja mgeni rasmi mpaka mto ukachoka, ukahamia wilaya nyingine. Mgeni rasmi alipofika alikata utepe vilevile, akausifu ukavu.

Basi zamu ya serikali kuwa na tovuti ikafika. Waziri wa Uwazi, Mheshimiwa Dakta Mhandisi Barnaba Kisendi, aliwekewa kompyuta juu ya meza yenye kitambaa cha satini, watu elfu nne wakimtazama. Mafundi walijua kwamba Mheshimiwa hajawahi kuishika, na waliipenda kazi yao, kwa hiyo walimwandikia kwenye kioo maneno mawili makubwa ya rangi ya buluu: Bofya Hapa.

Mheshimiwa akabofya. Ukurasa ukafunguka, ukamwonyesha picha yake mwenyewe. Bendi ya polisi ikapiga. Mheshimiwa akafuta machozi.

"Ndugu wananchi," alisema, "nimeongoza wizara sita, na katika zote sijapata kuona maneno yenye utii kama haya. Naagiza kila mlango wa tovuti hii uandikwe hivi hivi. Kwa nini mlango mmoja uitwe hivi na mwenzake uitwe vile? Huo ni ukabila wa milango! Tuliupinga kwa watu, tutauvumiliaje kwenye kompyuta?"

Makofi yalichukua dakika kumi na moja.

Kwa ambaye hajakutana na mambo haya, mlango wa tovuti huitwa kiungo. Ni yale maneno ya buluu ambayo ukiyabofya yanakupeleka ukurasa mwingine. Nasikia huko kwingine duniani huyaandika kufuatana na kule yanakokwenda. Kama kiungo kinakwenda kwenye fomu ya cheti cha kuzaliwa, kinaandikwa Fomu ya Cheti cha Kuzaliwa. Watu wa ajabu wale, hawana siri hata chembe.

Viungo vya Wizara vilikuwa themanini na nane, vyote Bofya Hapa. Kila kimoja kilipata mgeni rasmi wake, utepe wake, na jiwe lake la msingi lililojengwa kwenye ua wa Wizara: "Kiungo hiki kilizinduliwa na Mheshimiwa Fulani." Mawe themanini na nane, mistari minane ya kumi na moja. Wageni wasiojua huvua kofia wakipita. Na kugusa neno moja la kiungo kilichozinduliwa ni sawa na kung'oa jiwe la mkubwa, kosa ambalo sheria za huko zinaliita uhaini mdogo.

*

Sasa, katika Mtaa wa Kisiki aliishi Bi. Zamoyoni Kitundu, msusi wa mikeka, asiyeona tangu surua ilipompitia akiwa na miaka sita. Nyumba yake aliijenga kwa kuuza mikeka mia tatu na kumi na mbili, na ukimkuta na muda atakutajia mkeka upi ulikwenda kwenye dirisha gani. Mimi kwa kuwa nchi yenyewe haipo siwezi kusema nilikuwa jirani yake. Niseme tu nilikuwa nakaa karibu sana.

Jumatatu moja alisikia kitu kinabandikwa mlangoni. Akaniita nikisome.

"Nyumba arobaini za Mtaa wa Kisiki," nikasoma, "zitabomolewa ili kupisha Ukumbi wa Taifa wa Uzinduzi."

"Ukumbi wa nini?"

"Wa kuzindulia vitu. Wanasema vimekuwa vingi, vinanyeshewa."

"Endelea."

"Pingamizi litapokelewa kwenye tovuti tu, mwisho Ijumaa saa nne asubuhi. Zikipinga nyumba ishirini na moja, mradi unakufa. Barua hazipokelewi. Kuja mwenyewe hakupokelewi. Kulia hakupokelewi."

"Wameandika hilo la kulia?"

"Kwa herufi kubwa."

Bi. Zamoyoni akapapasa ukuta kama mtu anayemtuliza ng'ombe. Kisha akatoa simu yake. Ilikuwa simu ya kawaida, ila ameiwasha ile sauti inayosoma kila kilichopo kwenye kioo. Ukiteleza kidole, sauti inaruka kutoka kiungo hadi kiungo na kukutajia kimeandikwaje. Kwa tovuti za benki, za redio, hata za wauza vitenge, alipita upesi kuliko mimi mwenye macho mawili na miwani.

Akafungua tovuti ya Wizara ya Uwazi. Akateleza kidole.

"Kiungo. Bofya hapa," ikasema sauti ya mwanamke asiyechoka. "Kiungo. Bofya hapa. Kiungo. Bofya hapa. Kiungo. Bofya hapa."

Bi. Zamoyoni akateleza kwa upole. Akateleza kwa hasira. Akateleza kama anaparua samaki.

"Kiungo. Bofya hapa. Kiungo. Bofya hapa."

"Hapa wapi, wewe mwanamke?" akaiuliza simu. "Hapa pa nini?"

"Kiungo," simu ikajibu. "Bofya hapa."

*

Mtadhani wenye macho walikuwa na nafuu. Wao waliona, chini ya kila picha ya mgeni rasmi anayetabasamu, maneno yale yale. Picha themanini na nane, meno yanayokaribia elfu tatu, na hakuna jino hata moja lililosema pingamizi liko wapi. Maelezo yalikuwepo mwanzoni, ila yaliondolewa kwa kuwa yalizibana picha.

Na kubofya ovyo kulikuwa na hatari, kwa maana katika nchi hiyo ukibofya umetia saini. Mzee Ngwatu, muuza mkaa wa nyumba ya tatu, alibofya kimojawapo cha katikati, akajikuta amesajiliwa kuwa mkimbizi kutoka nchi hiyo hiyo. Jioni ile ile wakaja kumpa hema.

"Nina nyumba," Mzee Ngwatu akawaambia.

"Tunajua, mzee. Ndiyo maana umeikimbia," wakamjibu, wakalisimika hema sebuleni.

Baada ya hapo mtaa mzima uliweka mikono mifukoni. Ila Bi. Zamoyoni.

"Lazima kimoja kiwe ndicho," alisema. "Nitavipita vyote."

Alichukua ukili mrefu, ule msuko wa majani ya miyaa unaoshonwa kuwa mkeka, akauweka mapajani. Kila alipobofya kiungo alifunga fundo la uzi kwenye ukili, fundo la namna yake, ili vidole vikumbuke kilichokuwamo. Fundo la kwanza: picha za Waziri akiwa mtoto. La tisa: zabuni ya kufyeka majani ya mwaka uliokwisha. La kumi na saba: fomu ya kuombea fomu. La ishirini na tatu lilikuwa hotuba, na kwa kuwa hotuba hiyo haikuwa na mahali pa kuizima, aliisikiliza akisuka hadi mwisho, mkeka mzima wa watu wawili.

Kufika Jumanne mchana alikuwa amepita arobaini. Majirani walikuwa wamemzunguka barazani kama watu wanaosikiliza mpira.

"Cha arobaini na moja," akasema, akabofya.

Simu ikapiga tarumbeta ndogo. "Ahsante sana. Umekubali kwa hiari yako nyumba yako ibomolewe. Hongera!"

Bi. Zamoyoni alibaki ameinua kidole kile, kama mtu aliyegusa jiko. Kisha taratibu akakishusha, akafunga fundo. Fundo lile lilikuwa kubwa kuliko yote.

*

Jumatano alinishika bega, tukaenda Wizarani. Tulipita katikati ya mawe themanini na nane mpaka kwa Bwana Elikana Mtunguja, Afisa Mwandamizi Msimamizi wa Viungo, mtu mwembamba mwenye tai pana.

"Shikamoo mama. Karibu. Tatizo?"

"Marahaba, mwanangu. Nimebofya kitu nisichokijua, sasa naambiwa nimekubali kuvunjiwa nyumba."

"Ulibofya mwenyewe?"

"Nilibofya, lakini sikujua."

"Polepole, mama. Kiungo kiliandikwaje?"

"Bofya hapa."

"Nawe ukafanya nini?"

"Nikabofya."

"Hapo?"

"Hapo."

Bwana Elikana akafungua mikono kama mchungaji. "Sasa Serikali imekukosea wapi? Imekuomba jambo moja, kwa heshima, tena kwa maneno mawili tu. Umelitenda. Wananchi wote wangekuwa kama wewe tungekuwa mbali."

"Kingeandikwa kule kinakokwenda, nisingekigusa!"

"Ndiyo hatari yenyewe hiyo," akasema Bwana Elikana, akipunguza sauti. "Mtu akijua mlango unakokwenda, anaweza asiingie."

"Naweza kutengua?"

"Bila shaka! Serikali ina huruma. Kipo kiungo cha kutengua."

"Kipi?"

Bwana Elikana akatabasamu kwa upendo. "Kile kilichoandikwa Bofya Hapa."

Tulirudi mpaka kwenye mtaro wa mtaani kwetu. Hapo akasimama. "Yule si mjinga," akasema. "Mjinga ningemsamehe."

*

Akaendelea. Cha hamsini: orodha ya barabara zilizokamilika ambazo hazijaanza. Cha hamsini na nane: nyumba za Mheshimiwa Waziri, kwa mpangilio wa mikoa. Cha sitini na tatu kilikuwa cha kutengua. Akatengua, akavuta pumzi. Cha sabini na saba, Alhamisi adhuhuri, simu ikasema: "Pingamizi lako limepokelewa." Mtaa ulipiga vigelegele vya namna ya kuvunja vioo.

"Moja tayari!" Bi. Zamoyoni akasema. "Bado ishirini. Haya, ndugu zangu, ni cha sabini na saba. Hesabuni."

Vigelegele vikakatika.

"Nihesabu kuanzia wapi?" akauliza Mzee Ngwatu. "Kwangu picha zimekaa mbili mbili. Kwa mama Hawaje zimekaa tatu tatu."

"Hesabu tu, mzee."

"Nikikosea kimoja?"

Mzee Ngwatu alihesabu kwa kijiti, jasho likimtoka, akafika sabini na sita akidhani ni sabini na saba, akabofya. Simu yake ikamtangazia kwamba amejitolea kuwa shahidi wa Serikali katika kesi itakayofunguliwa baadaye. Majirani waliobaki wakazima simu zao kabisa, wengine wakatoa na betri. Jioni ile Bi. Zamoyoni akavipita na vilivyobaki; cha themanini na nane tu ndicho kilichomkataa, kwa kuwa ni cha kubofywa na mtu wa Wizara.

"Namba haziwatoshi," Bi. Zamoyoni aliniambia. "Nimevijua vyote themanini na nane, na haisaidii. Watu wanataka kusoma waone. Saa nne kesho tutakuwa na pingamizi moja na nyumba arobaini chini."

*

Ijumaa, saa mbili asubuhi, gari la Serikali lilisimama mlangoni kwake. Akashuka Bwana Elikana na kompyuta kifuani kama mtu aliyeokoa mtoto motoni. Tai ilikuwa mgongoni.

"Shikamoo mama. Nasikia wewe umevibofya vyote."

"Marahaba. Ndiyo."

"Mama, nisaidie. Wizara nayo inatakiwa ithibitishe ubomoaji kwenye tovuti kabla ya saa nne, la sivyo mradi unakufa wenyewe. Hakuna anayejua ni kiungo kipi."

"Mafundi walioitengeneza?"

"Walihamishiwa uvuvi. Jana Katibu Mkuu alijaribu kubofya mwenyewe."

"Ikawaje?"

"Amestaafu."

Bi. Zamoyoni akavuta ukili wake, akaupitisha vidoleni. "Nitakutajia. Ila mimi hukumbuka kwa mpangilio, kuanzia cha kwanza, ukinirukisha napotea. Na kila nitakachokutajia, uandike pale pale kinakokwenda."

"Haiwezekani! Kubadilisha neno ni kung'oa jiwe. Nitafungwa!"

"Nani kakwambia ubadilishe? Bofya Hapa iache ilipo, isije ikaumwa. Wewe ongeza maneno mbele yake."

Bwana Elikana akafikiri. Nilimwona akizipitia nyaraka zote kichwani. "Nyongeza," akanong'ona. "Nyongeza haihitaji utepe. Inahitaji mhuri tu." Akajipapasa mfuko wa shati. "Na mhuri ninao."

Akaketi barazani, akaanza kuandika moja kwa moja kwenye tovuti. Bi. Zamoyoni akitaja, yeye akigonga, na kila baada ya kiungo kimoja aligonga mhuri kwenye karatasi iliyokuwa gotini, kwa dhamiri safi.

"Cha kwanza. Picha za Waziri akiwa mtoto."

Ga.

"Cha kumi na saba. Fomu ya kuombea fomu."

Ga.

"Cha arobaini na moja. Kukubali nyumba yangu ibomolewe."

Bwana Elikana akasita. "Mama, hiki kwa lugha ya Wizara ni Ridhaa Shirikishi ya Uendelezaji wa Makazi."

"Kwa lugha ya aliyekibofya ni hivyo nilivyosema."

"Lakini mama..."

"Saa ngapi sasa?"

Akatazama saa. Akaandika. Ga.

Cha hamsini na nane, zile nyumba za Waziri, alikiandika amefumba macho. Cha sabini na saba, "Kupinga nyumba yangu kubomolewa," alikiandika akilalamika kwamba sentensi imekaa wazi mno, haina hata neno moja la kumfanya mtu aulize. Ilikuwa saa nne kasoro dakika ishirini. Sikuwa na kazi yoyote pale, kwa hiyo nilitoka kidogo kunyoosha miguu, na katika kunyoosha huko miguu ilinipitisha nyumba ya mama Hawaje, ya Mzee Ngwatu, na nyingine kadhaa. Sikusema kitu. Niliuliza tu kama simu zao zina chaji.

Baada ya hapo kila dirisha la Kisiki lilikuwa na mtu anayesoma. Mzee Ngwatu alisoma kwa sauti, silabi kwa silabi, kidole kikiwa mbali na kioo kama kioo kinauma. Kisha akasema, "Kumbe ndiyo hiki?" akabofya mara moja, akatoka nje kucheka peke yake.

"Cha themanini na nane," Bi. Zamoyoni akamalizia, saa nne kasoro dakika tatu. "Wizara kuthibitisha ubomoaji. Ndicho hicho mwanangu."

Bwana Elikana akabofya kwa nguvu zote. Kompyuta ikamwandikia: Samahani. Mapingamizi yametosha. Mradi umefutwa.

Alisoma mara tatu. Uso wake ukawa na rangi ya karatasi isiyopigwa mhuri.

"Mama," akasema, "umenidanganya."

"Nimekutajia kila kitu kwa jina lake, kimoja baada ya kingine, na wewe mwenyewe umeandika. Uongo wa namna hiyo umewahi kuuona wapi?"

*

Mchana wa siku hiyo nchi nzima ilikuwa inasoma. Watu walikuta mlango wa kuona nyumba za Waziri, wakaingia kwa maelfu. Walikuta barabara zao zilizokamilika, wakatoka nje kuzitafuta. Miji mingine saba ilikuta kwamba nayo ilikuwa ibomolewe wiki ijayo, ikapinga kabla ya chakula cha mchana.

Saa kumi, Mheshimiwa Kisendi alihutubia taifa. "Ndugu wananchi," alisema, sauti ikiwa imekauka, "tovuti yetu imevamiwa na maana. Hali imedhibitiwa."

Nyongeza zote zikafutwa. Ikaundwa tume ya watu kumi na mmoja kuchunguza viungo, ikatembelea nchi tatu zenye baridi, ikarudi na pendekezo moja: maneno Bofya Hapa yamepitwa na wakati, yaandikwe Soma Zaidi. Vikazinduliwa upya, vyote themanini na nane, na kwa usalama vikapangwa upya ili asiwepo raia wa kuvikariri.

Nyumba arobaini za Kisiki zipo. Nimeziona, au ningeziona kama nchi ingekuwepo. Bwana Elikana alifukuzwa kazi kwa kosa la kutaja mambo ya Serikali kwa majina yake, akiwa na mhuri.

Juzi asubuhi alikuja kwa Bi. Zamoyoni kwa miguu, bila tai. Akavua viatu, akakaa mkekani, akatoa simu.

"Mama, rufaa ni kwenye tovuti tu. Nimetafuta siku nne. Nimeshabofya kimoja, nikapewa hema."

"Mwisho lini?"

"Kesho saa nne." Akaanza kulia, kilio cha mtu mzima, cha kifuani.

Bi. Zamoyoni alishika uzi, akatafuta mwanzo wa ukili mpya. "Sogea huku," akasema. "Na nyamaza, mwanangu. Unanizibia sauti ya simu."